Kamba Iozayo na Kamba Isiyooza

Ndugu mkulima wa Robanda, leo weka jembe chini kidogo tuzungumze habari za kamba.

Iangalie ile unayofungia ndama. Siku hizi kwa wengi ni ya plastiki, nyepesi na ya bei nafuu. Ikikatika unaitupa pembeni, na masika matatu yakipita bado ipo, imejisokota kwenye mashina ya mahindi. Ng'ombe akiimeza na majani, inamkwama tumboni. Ya katani ingekwisha kuwa udongo zamani.

Mkonge ulifika kwetu mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Karibu yote ikafa njiani; ikabaki 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Sitini na miwili tu, ndugu yangu! Ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na ndiyo iliyowatoa manamba kwao, mikoa ya mbali, wakakate majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani.

Kumbe mshindani alikwisha kuzaliwa. Mwaka 1954, huko Italia, mtaalamu aitwaye Giulio Natta (usicheke, si mtu wa Natta yetu hapa jirani) alitengeneza polipropilini, plastiki itokanayo na petroli. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia nyasi kavu kwa kamba zetu, wakahamia kwenye hiyo. Bei ikaanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tukitoa kama tani 20,000 tu. Wengine hulaumu utaifishaji wa 1967. Una sehemu yake, lakini mimi naona kamba ya plastiki ndiyo iliyotubana kwanza.

Sasa wataalamu wanarudi shambani kutafuta plastiki. Wanga wa mahindi hugeuzwa sukari, sukari ikachachushwa na vijidudu, kama maziwa yanavyoganda kibuyuni. Asidi inayopatikana huunganishwa ikawa plastiki iitwayo PLA. Mmarekani Carothers aliishughulikia mwaka 1932. Kiwanda kikubwa kikafunguliwa Nebraska mwaka 2002. Huvutwa ikawa uzi wa unene wa milimita 1.75. Mashine huuyeyusha uzi huo kwa joto la digrii kama 200, ikaupanga tabaka juu ya tabaka, kama mama anavyofinyanga chungu, mpaka kipuri kitokee. Watafiti wamekwisha kuchanganya humo hata nyuzi za katani, ili kuupa nguvu.

Hapa sasa tega sikio. Ukiambiwa uzi huo unaoza, uliza: unaoza wapi? PLA huoza vizuri kwenye lundo la mboji la kiwandani, linalotunzwa kwenye joto la digrii kama 60 kwa wiki nyingi. Ukiifukia kondeni kwako itakaa miaka, sawa na ile kamba ya ndama. Basi kipuri cha namna hiyo kikivunjika usikitie kwenye samadi. Kirudishe kwa fundi aliyekitengeneza. Chaweza kusagwa na kuvutwa uzi tena. Na kikiwa kizima, usikiache juu ya bati jua la mchana, maana joto hilohilo la digrii 60 hukilegeza.