Mtahini Kutoka Nje

Mwanafunzi wa Marekani anayepima kama ajiunge na programu maalumu ya wanafunzi hodari chuoni kwake huvutwa kwanza na sifa itakayoandikwa kwenye cheti. Historia inaelekeza kwingine. Frank Aydelotte, aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes na kuanza kuongoza chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, mwaka 1921, hakubuni nishani. Programu yake ya 1922 ilibadili usomaji wenyewe: katika miaka miwili ya mwisho semina ndogo zilichukua nafasi ya mihadhara, na hatimaye wanafunzi walitahiniwa, kwa maandishi na kwa mdomo, na wasomi kutoka nje ya chuo. Uzito wake uko hapo. Mwalimu asiyeshika kalamu nyekundu haogopwi wala habembelezwi. Yeye na mwanafunzi wake wanamkabili mgeni yuleyule. Kuna wanaosema kuwatengea hodari programu yao ni ubaguzi, na kweli programu inayotoa bweni zuri tu na nafasi ya kujisajili mapema haina utetezi. Ila lawama hiyo inaupata upendeleo, haiigusi semina. Aydelotte alishikilia kuwa kuwaendesha wote kwa mwendo mmoja kunawadumaza wenye uwezo. Kwangu, hoja yake inafika nusu ya njia: hata wasiohesabiwa hodari wangenufaika na mtahini mgeni.