Shamba Lililopanda Kutoka Ufukweni

Katika visiwa vya Aran, mlangoni mwa ghuba ya Galway huko Ayalandi, mkulima aliyetaka shamba jipya alishika nyundo kabla ya jembe. Visiwa ni vitatu, Inis Mór, Inis Meáin na Inis Oírr, na sehemu kubwa ni mwamba mtupu wa chokaa uliochanika nyufa. Mvua hainyimi. Ila ikidondoka huzama ufani, basi; hakuna pa kuikalisha.

Kazi ilikwenda hivi. Vichuguu vya mwamba vilivunjwavunjwa, nyufa zikazibwa kwa vijiwe ili udongo usimezwe. Ukatandazwa mchanga wa pwani, juu yake mwani, tena mchanga, tena mwani. Udongo wowote uliokwanguliwa nyufani ulimwagwa juu, hata kama ni kiganja kimoja. Mzigo wote huo ulipanda kutoka ufukweni kwenye shogi za punda au matenga ya mgongoni, waume kwa wake, maji ya chumvi yakichuruzika hadi kiunoni. Baadaye vikapandwa viazi mviringo kwenye matuta mapana. Nafaka ya rai nayo ililimwa, kwa ajili ya mabua yake marefu ya kuezekea nyumba.

Mwani una potasiamu tele, ambayo viazi huipenda, na hauji na mbegu za magugu kama samadi ya zizini. Fosforasi yake ni haba, lakini. Na udongo wa mchanga ni mlafi: hula mbolea upesi, hukauka upesi, kwa hiyo ilibidi ulishwe tena na tena. Anayedhani kilimo cha asili ni cha wavivu angepewa tenga moja tu la mwani mbichi alipandishe kilima.

Dhoruba za majira ya baridi ndizo zilizong'oa mwani na kuutupa ufukweni. Mwingine ulikatwa miambani maji yakipwa sana wakati wa bamvua. Visiwa viko kaskazini, nyuzi 53, lakini mkondo wa bahari wenye joto huzuia baridi kali. Adui ni upepo. Ndiyo maana kila kishamba kimezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, yakiachiana matundu ili upepo upite umepunguzwa makali. Inakadiriwa kuta hizo zina urefu wa kilomita 2,400 kwa jumla, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara na kurudi. Nyingi hazina lango. Ng'ombe akitaka kupita, mawe hushushwa. Akishapita, hupangwa upya.

Mwani huohuo ulikuwa na mnunuzi mwingine. Ulichomwa kwenye matanuri ya ufukweni, na majivu yake yakauzwa kutengenezea iodini. Mwandishi J. M. Synge, aliyeanza kufika huko 1898, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha visiwa kilichotoka 1907. Moto ulileta fedha taslimu, shamba lilileta viazi, na vyote viwili vilitegemea ufukwe mmoja.

Mwaka 1934 Robert Flaherty alitoa filamu yake ya maisha ya visiwani humo, Man of Aran. Familia inayoonekana humo iliundwa na watu wasio wa nyumba moja, na uwindaji wa papa ulikuwa umekwisha zamani, hata wavuvi ikabidi wafundishwe upya. Utengenezaji wa udongo, ambao pia umo, haukuwa wa kubuni. Bahati mbaya papa ndiye aliyebeba sifa.

Pwani ya magharibi ya Ayalandi ina pia mwani uitwao carrageen, uliotoa jina la karajinani, kiungo cha kuzitia uzito aiskrimu na dawa za meno. Wanawake wa Paje, Zanzibar, wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huuza kwenye soko hilohilo, nao pia huhesabu bamvua.

Siku hizi Aran mwani hupanda kwa trekta na tela. Viazi vimebaki vipande vidogo, mashamba mengi yamegeuka malisho. Ng'ombe hujilisha juu ya udongo uliobebwa na mababu, na kwato zikiuchimbua huibuka vipande vyeupe vya makombe ya baharini.