Lami Ndiyo Mzazi wa Tairi la Porini

Mwenye pikipiki kubwa ya safari akienda kununua matairi hukutana na hesabu za mgawanyo: hili nusu lami nusu vumbi, lile themanini kwa ishirini, jingine tisini kwa kumi. Hesabu hizo hazitoki kwenye chombo cha kupimia. Ni kauli ya mwenye kiwanda juu ya kazi aliyoikusudia. Hata hivyo zimejenga imani kwamba tairi la aina hii lilianzia porini: jangwa, tope na changarawe vililidai, wahandisi wakalitengeneza, kisha likasogezwa taratibu kuelekea mjini. Historia inaonyesha kinyume chake. Tairi la pikipiki za safari ni mtoto wa lami. Lilihitajika baada ya lami kuwagawa wapanda pikipiki makundi mawili, na kuwapa kasi ambayo tairi la porini halikuweza kuibeba. Jambo hili lina faida hata kwa asiyejali historia, maana linabadilisha swali la kwanza analopaswa kujiuliza akiwa dukani.

Hapo mwanzo hapakuwa na cha kuchagua. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, na lilikuwa la baiskeli. Edgar Purnell Hooley alipata hataza ya lami yake nchini Uingereza mwaka 1902, wakati pikipiki zilikwisha kuanza kuuzwa Ulaya. Zilitembea juu ya barabara za mawe yaliyoshindiliwa, zenye vumbi kiangazi na tope masika. Mmarekani Carl Stearns Clancy, aliyeizunguka dunia kwa pikipiki ya Henderson kati ya mwaka 1912 na 1913, alipita Ireland, Algeria na Ceylon, kisha akaivuka Marekani kutoka magharibi hadi New York. Mtengenezaji tairi wa wakati wake hakufikiria kumuuliza mteja kama anakwenda barabarani au porini, kwa kuwa sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ndiyo hiyo hiyo pori. Kila tairi lilikuwa la mseto, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeliita hivyo.

Ushahidi mzuri wa zama hizo ulipita katika nchi zetu. Tarehe 11 Desemba 1934, Waingereza wawili wanawake, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja aina ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka Sahara, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, na Julai 1935 wakafika Cape Town. Mchanga waliukabili kwa kuchimba na kusukuma. Kilichowaweka chini kweli kweli kilikuwa injini, iliyowafia jangwani hata ikabidi pikipiki ivutwe hadi Agadez. Matairi yao hayakuwa na siri yoyote. Yalidaiwa machache tu. Mzigo ule ulikwenda polepole, na tairi linalokwenda polepole husamehe mengi. Halipati joto kali, halihitaji kung'ang'ania kona kwa kilomita 120 kwa saa, na likitoboka humpa mpandaji nafasi ya kusimama, kung'oa, kubandika kiraka, kujaza upepo kwa pampu ya mkono na kuendelea.

Mgawanyiko wenyewe ulikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kutoka pande mbili karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1957 shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, FIM, lilianzisha ubingwa wa dunia wa motokrosi, na mashindano hayo yakakuza tairi lenye vipande vya mpira virefu vilivyoachana, ambavyo mafundi wengi huviita kashata. Mwaka 1959 Uingereza ilifungua kipande cha kwanza cha barabara kuu ya M1, ambayo wakati huo haikuwa hata na kikomo cha kasi. Hapo mahitaji yakagongana. Kashata ndefu hufanya kazi kwa kuzama: huchoma udongo, hujishika, na nafasi iliyo kati yake huruhusu tope litupwe nje gurudumu linapozunguka. Juu ya lami hakuna pa kuzama. Kila kashata inapogusa chini hupinda na kuyumba kama jino lililolegea, huzaa joto, hulika upande mmoja kuliko mwingine, na wakati wa kufunga breki mpira unaogusa barabara huwa mchache kuliko inavyotakiwa. Tairi la lami nalo lilikwenda njia yake, likawa na mpira mwingi unaogusa chini na mifereji myembamba ya kutoa maji, mifereji ambayo tope huiziba ndani ya mita chache.

Mtu aliyetaka vyote viwili alibaki bila tairi, na pengo hilo likaonekana wazi mwaka 1980. Septemba ya mwaka huo BMW ilionyesha R80G/S mjini Avignon, Ufaransa. Ilikuwa na injini ya cc 797, nguvu farasi 50, rimu ya mbele ya inchi 21 kama pikipiki ya porini, na kasi ya juu ya kilomita 168 kwa saa. Pikipiki nyepesi zilizoitangulia, kama Yamaha XT500 ya mwaka 1976 yenye pistoni moja, hazikuifikia kasi hiyo, hivyo matairi ya porini yaliyokuwepo yalizitosha. R80G/S hayakuitosha, na kiwanda cha Metzeler cha Ujerumani kikalazimika kutengeneza tairi lenye sura ya porini lakini linalostahimili kasi ya barabara kuu. Ingekuwa haja ni ya pori peke yake, tairi la motokrosi lilikuwepo sokoni miaka mingi na lingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kilichokosekana ni tairi la porini lisilosambaratika juu ya lami.

Wapo watakaosema kwamba ninayapuuza mashindano ya jangwani ya Paris–Dakar. Hoja yao ina uzito. Thierry Sabine aliwaza mashindano hayo baada ya kupotea katika jangwa la Libya mwaka 1977, na msafara wa kwanza uliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Ni kweli pia kwamba bila picha za Dakar pikipiki hizi zisingeuzwa kwa wingi uliofuata. Lakini kuuza na kuzaa ni mambo mawili. Cyril Neveu alishinda mwaka 1979 na 1980 kwa XT500, pikipiki iliyokwisha kuwepo madukani. Hubert Auriol aliipa BMW ushindi wake wa kwanza Januari 1981, miezi kadhaa baada ya R80G/S kuonyeshwa Avignon. Jangwa, basi, liliipa sifa pikipiki ambayo tayari ilikuwa imebuniwa.

Tena, tairi lililolelewa na Dakar lilielekea kwingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1980 Michelin ilileta mashindanoni sponji nzito ya kujaza ndani ya tairi mahali pa upepo, ili mwiba na jiwe kali visiwe na cha kutoboa. Kwa mshindani ilikuwa neema. Kwa msafiri wa kawaida haifai, kwa kuwa ikiendeshwa saa nyingi kwa kasi juu ya lami hupata joto na kuharibika. Mshindani hubadilishiwa tairi jioni na mafundi wanaomngoja kambini. Msafiri hutaka tairi litakalomfikisha nchi ya tatu. Dakar ilikuza tairi la siku moja jangwani, na tairi la safari ndefu lilipaswa kutafuta uhai wake kwingine.

Uhai huo lilizidi kuupata barabarani. Mwaka 1987 R100GS ya BMW ilikuja na rimu ambazo spoku zake zimefungwa pembezoni, nje ya sehemu inayotunza upepo, hivyo rimu ya spoku ikaweza kuvaa tairi lisilotumia tyubu. Faida yake kubwa huonekana kwenye mwendo wa kasi: tyubu ikitoboka upepo unaweza kutoka ghafla, ilhali tairi lisilo na tyubu mara nyingi hupungua taratibu. Kuanzia hapo pikipiki ziliendelea kunenepa. R1200GS ya mwaka 2013 ilikuwa na nguvu farasi 125 na uzito wa kilo 238, ikavuka kilomita 200 kwa saa. Tairi lililotoka nayo kiwandani lilikuwa la barabarani waziwazi, lenye mifereji mipana kiasi tu cha kukumbusha changarawe.

Mwenye shaka asome ubavu wa tairi lenyewe. Chukua tairi la nyuma lenye maandishi 150/70, 17, 69Q, M+S. Namba mbili za mwanzo ni upana kwa milimita na kimo kwa asilimia ya upana huo. 17 ni inchi za rimu. 69 inasema tairi linabeba kilo 325. Herufi Q ni kasi: kilomita 160 kwa saa, si zaidi. Pikipiki nyingi linakofungwa hukimbia zaidi ya hapo. Lilipitaje mbele ya sheria? Kwa alama ya M+S, iliyokusudiwa tope na theluji. Nchini Ujerumani, kwa miaka mingi tairi lenye alama hiyo liliruhusiwa kuwa na kikomo cha kasi kilicho chini ya kasi ya pikipiki, alimradi mpandaji awekewe kibandiko cha kumkumbusha mahali anapokiona. Wengi waliolinunua hawakutarajia theluji hata kidogo. Hivyo hata tairi lenye kashata kubwa, ambalo ndilo sura ya pori katika matangazo, lilipata ruhusa yake ya kuishi kwa kujieleza kwanza mbele ya kanuni za barabara ya lami.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Ted Simon aliizunguka dunia kati ya mwaka 1973 na 1977 kwa Triumph Tiger 100 ya cc 500, akapita Sudan, Ethiopia na Kenya. Elspeth Beard alifanya hivyo kati ya mwaka 1982 na 1984 kwa BMW R60/6. Zote mbili zilikuwa pikipiki za barabarani. Kama ziliweza, pengine tairi la mseto ni ujanja wa wafanyabiashara tu? Safari hizo zinathibitisha kwamba mwendo wa chini na mzigo mwepesi hulitosheleza karibu tairi lolote, lakini hazisemi lolote kuhusu kilo 238 zikiwa na masanduku na abiria kwa kilomita 120 kwa saa. Bodaboda wa Afrika Mashariki anatoa ushahidi huo huo kila siku. Tairi lake jembamba lenye tyubu hupita lami, vumbi na tope la kijijini, na pancha huzibwa kando ya barabara. Yeye bado anaishi katika ulimwengu wa tairi moja, kwa sababu kasi yake haijamlazimisha kutoka humo.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale kaskazini mwa Kenya inaonyesha jinsi lami inavyoendelea kuamua. Kwa miaka mingi takriban kilomita 500 hizo zilikuwa changarawe, mawe meusi ya volkano na makunyanzi kama ya bati, na wasafiri wa Cairo hadi Cape Town walipanga matairi yao kwa kuiwazia. Lami ilipokamilika katika muongo wa 2010, wengi hawakuona tena sababu ya kubeba kashata ndefu kwa ajili ya kipande kile. Pikipiki zilikuwa zile zile na wasafiri wale wale.

Litakuja jibu la mwisho, la mtu wa vitendo: kilomita moja ya tope inaweza kukuvunja mguu, na mia tano za lami haziumizi mtu, kwa hiyo chagua kwa ajili ya mahali pabaya zaidi. Hoja hiyo inasahau kwamba mahali pabaya humwachia mpandaji mbinu nyingine. Anaweza kupunguza mwendo, kupunguza upepo, kushusha mzigo, kungoja tope likauke, au kusukuma kama Wallach na Blenkiron. Akiwa kwenye lami iliyolowa, lori likikata mbele yake, mbinu hizo zote hazina nafasi. Kati yake na barabara umebaki ule mpira tu. Ndiyo maana anayenunua tairi aanze na lami: atakwenda kilomita ngapi, kwa kasi gani, na uzito kiasi gani. Atafute kwanza tairi linaloyabeba hayo kwa usalama, kisha ndipo aulize ni kiasi gani cha kashata anachoweza kuongeza bila kulidhoofisha. Mahali ambapo kashata hazitatosha, apunguze mwendo.