Floraidi Ikizidi Majini: Mfupa Hunenepa, Nguvu Hupungua

Idi iliyopita mpwa wangu alitujia Malindi kutoka Naivasha, alikozaliwa na kukulia. Watoto wa mtaa wakamcheka kwa meno yake ya rangi ya kahawia, wakisema hapigi mswaki. Nyanya yake akamnunulia mswaki mpya. Nikamwambia, "Mama, mtoto hana kosa. Ni maji ya kule."

Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru na Naivasha hadi Arusha kwa jirani zetu, lina mawe ya volkano yanayoachia floraidi kwenye maji ya ardhini. Kidogo hulinda meno yasitoboke. Ikizidi hudhuru, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

Madoa ya meno huonekana. Ya mifupa hujificha. Mfupa ni kitu hai. Ndani yake mna seli zinazojenga na nyingine zinazobomoa sehemu kuukuu, kama mafundi wanaokarabati nyumba bila kupumzika. Floraidi nyingi huingia kwenye madini ya mfupa, ikakaa humo miaka mingi, na huzichochea seli za kujenga kupita kiasi. Mfupa huwa mnene, lakini umejengwa vibaya. Baada ya miaka, kano hushika madini, viungo hukakamaa, na mtu hushindwa kuinama.

Mwaka 1990 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya kuwapa floraidi wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa dhaifu. Kwa miaka 4, uzito wa madini kwenye pingili za kiuno uliongezeka kwa asilimia 35. Hata hivyo, mifupa mingine, kama ya miguu na mikono, ilivunjika zaidi kuliko ya wenzao ambao hawakupewa.

Sisi wa pwani tumezoea kuonja maji: haya ya chumvi, haya baridi. Floraidi haina ladha, rangi wala harufu. Anayekunywa maji ya kisima kirefu ayapeleke maabara yapimwe, hasa kama ana watoto walio chini ya miaka 8, kwani madoa huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji hupungua, floraidi ikabaki. Na yale magadi tunayotilia kunde, yakiwa yametoka Ziwa Magadi, nayo yana floraidi. Tuyapunguze.

Dawa ipo. Huko Nakuru, mradi wa maji wa Dayosisi ya Kanisa Katoliki umekuwa ukichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi kama mifupa yetu inavyoinasa. Mpwa wangu amerudi Naivasha na ujumbe kwa mamake: kabla ya mswaki mwingine, anunue kichujio hicho.