ANAYEHUDUMIA HAULIZI KABILA: FUNDISHO LA GISENYI



Katika foleni ya mgao hakosekani anayenong'ona: "Anayegawa leo ni wa kabila gani?" Swali hilo lina historia yake, na sisi tulio hapa mpakani hatuna budi kuijua.

Mwaka 1933 wakoloni wa Ubelgiji waliwahesabu wananchi wa Rwanda, kisha wakawapa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ulipatikana 1962, vitambulisho hivyo vikabaki. Mapema mwaka 1973 Watutsi walifukuzwa mashuleni na makazini. Baadaye, chini ya Rais Habyarimana, nafasi zao zikawekewa kiwango. Hivyo hata kazi ya kuwahudumia wanyonge ikaingiwa na ubaguzi.

Matunda yake yalionekana 1994. Pauline Nyiramasuhuko alisomea huduma za jamii huko Karubanda, Butare, akaifanya kazi hiyo, hatimaye akawa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ndiye mwanamke wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Elimu ya kuhudumia watu alikuwa nayo.

Wakati huo huo hapa Gisenyi, Felicitas Niyitegeka, Mhutu na mtumishi wa Kanisa Katoliki, aliwaficha Watutsi katika Kituo cha Mtakatifu Petro na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu wake. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake wa daraja la Imena.

Ndugu, tusiwanyooshee vidole wa zamani tu. Sisi wenyewe katika kamati tumewahi kuandika orodha tukianza na watu wetu, wajane wasio na mtu wakabaki mwisho. Hilo tunalikiri.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu: orodha zibandikwe hadharani, wahudumu wachaguliwe kutoka kila sehemu ya kambi, na mashirika yasikilize malalamiko bila kupitia kwa mtu mmoja. Mwenye njaa aulizwe amekosa nini, asiulizwe ni wa nani.