Kumbukumbu Isiyosomeka

Mwaka 1982, Commodore 64 ilipoanza kuuzwa Marekani, Tanzania Bara ilikuwa na miaka minane tangu serikali ipige marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Katazo lile la 1974 lilikuwa na sababu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuikabidhi mashine hesabu za serikali likaleta hasara na vurugu. Siwalaumu sana waliokataza. Lakini gharama ya katazo lenyewe haikuingizwa kwenye leja yoyote, na sehemu yake moja ni sauti.

Ndani ya Commodore 64 kulikuwa na chipu iitwayo SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes. Ilikuwa na sauti tatu na vijumba 29 vya namba, kuanzia anwani 54272. Lugha ya BASIC iliyokuja na mashine haikuwa na amri hata moja ya muziki. Mtoto aliyetaka noti aliipeleka namba kijumbani mwenyewe, kwa amri ya POKE. Kwenye 54296 aliandika 15, huo ni ukubwa wa sauti. Kwenye 54278 aliandika 240, mlio usififie. Kisha 29 kwenye 54273 na 69 kwenye 54272: hiyo ni la, mitetemo 440 kwa sekunde kwenye mashine za Ulaya. Mwisho 33 kwenye 54276, na mlio unaanza. Haunyamazi mpaka uandike 32.

La ajabu ni kwamba vijumba 25 vya kwanza vinapokea tu. Ukiiuliza chipu uliiandikia nini, haikwambii. Watunga programu za muziki wakazoea kuweka nakala ya namba zao kwenye kumbukumbu ya kawaida ya mashine. Vijumba vinne vya mwisho ndivyo husomeka, na viwili kati yake hueleza hali ya sauti ya tatu. Wajanja waliipa sauti hiyo mvumo mtupu, wakachota humo namba za kubahatisha kwa ajili ya michezo yao.

Programu zile zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, sawa na zilizofika Ufipa. Hapa Sumbawanga kaseti ilinasa muziki wa dansi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, betri ikiruhusu, na utepe ukilegea ulirudishwa kwa kalamu ya Bic. Huko ng'ambo, mtoto wa rika lilelile alikuwa na kaseti yenye namba ndani, naye akiamua mlio uwe nini. Sisi tulikuwa wasikilizaji, tena hodari. Commodore ilifilisika mwaka 1994, mwaka uleule ITV ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam.

Siku hizi programu ya bure huiigiza mashine ile ndani ya kompyuta yoyote. Mpwa wangu, anayetengeneza biti hapa Katandala, aliandika namba zote nilizomtajia, akaicheka sauti iliyotoka, kisha akataka kuisoma 54276 kwa PEEK. Ikamjibu 0, huku mlio ukiendelea.

"Mjomba, sasa ile 33 imeenda wapi?"

Nikamwambia iko kwenye chipu, ila haitoki. Akachukua daftari, akaiandika.