Kutoka Reli ya Congo hadi Ukuta wa Owino Uhuru

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikavuka maji ikapita Changamwe kuelekea bara. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hesabu hiyo imo katika daftari za wenye reli. Kilio cha kibarua hakimo.

Upande wa pili wa Afrika, kilio kama hicho kilimpata mwandishi. Albert Londres, Mfaransa aliyezaliwa Vichy mwaka 1884, alikuwa amekwisha kuitikisa Ufaransa mwaka 1923 kwa habari za gereza la Guyana. Mwaka 1928 akaifuata reli ya Congo-Océan, kati ya Brazzaville na Pointe-Noire. Aliwakuta watu wakivunja miamba kwa nyundo na sururu, kazi ya mashine ikifanywa kwa misuli. Wakubwa wa koloni walimchukia. Waliofia reli ile hukadiriwa kuwa 17,000 au zaidi.

Mei 1932, akitoka China, Londres alikufa meli ya Georges Philippar ilipowaka moto Ghuba ya Aden. Tangu 1933 tuzo ya Albert Londres hutolewa kwa waandishi wa habari wa lugha ya Kifaransa.

Kwangu mimi, aliyemkaribia zaidi Londres kwetu hakuwa mwandishi wa habari. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka 2009 katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichopakana ukuta na kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, wakati huo eneo bunge la Changamwe. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi katika damu. Omido akaacha kazi, akawapeleka watoto wengine wa kijijini kupimwa. Nao wakakutwa nayo. Maji machafu yalipenya ukutani hadi mlangoni mwa watu, mabati yakaliwa na moshi wa tindikali. Mwaka 2012 alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia.

Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.